Ngara na Biharamulo zisiache mbachao kwa msala upitao

INAPOTAJWA kero ya kodi ya nyumba nchini, akili ya wengi hukimbilia Dar es Salaam. Huko ndiko kunakosifika kwa nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi katikati, choo kimoja uani na mita moja ya umeme, ambamo kila chumba ni familia na kila familia ina ugomvi wake na mwenye nyumba. Kijana aliyetoka mkoani hulala, hupika na kuhifadhi bidhaa zake za biashara ndani ya kuta nne zilizoachana hatua tatu, na bado hudaiwa kodi ya mwaka mzima kabla hajapewa ufunguo.

Ni wachache wanaokumbuka kwamba kero hiyo iliwahi kupanda mlima hadi Ngara, mji mdogo wa mkoani Kagera ulio jirani na mipaka ya Rwanda na Burundi, ikaitikisa na Biharamulo. Haikuletwa na viwanda wala bandari. Ililetwa na wageni waliofika kwa wingi na kwa haraka, nyumba zikiwa zile zile.

Jambo hili linastahili kukumbukwa sasa kwa sababu wilaya hizo zinasubiri wageni wengine. Safari hii wanaotazamiwa ni watu wa nikeli. Wenye nyumba wameanza kupiga hesabu, na wapangaji nao wana haki ya kupiga zao.

Somo la mwaka 1994

Mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo katika muda wa saa 24 hivi wakikimbia vita na mauaji nchini mwao. Walipiga kambi Benaco, mahali palipopata jina kutokana na kampuni ya Kiitaliano ya ujenzi wa barabara iliyowahi kuweka kambi yake hapo. Baada ya muda mfupi wakimbizi waliwazidi wenyeji kwa idadi, na kambi nyingine kama Lumasi na Lukole zikafuata.

Nyuma ya wakimbizi walikuja watoa misaada. Mashirika ya Umoja wa Mataifa na yale yasiyo ya kiserikali yalihitaji ofisi, maghala na nyumba za watumishi, tena siku hiyo hiyo. Mji wa Ngara haukuwa na nyumba za namna hiyo ila chache, nazo zilikuwa na wapangaji tayari: walimu, wauguzi, makarani wa halmashauri na wafanyabiashara wadogo.

Kilichotokea hakikuhitaji mchumi kukieleza. Aliyekuwa na bajeti ya dola alishindana na aliyekuwa na mshahara wa serikali. Kodi zikapanda kwa kiwango ambacho mji huo haukuwahi kukiona, na waliokuwa na nyumba nzuri wakawaomba wapangaji wao wa zamani wapishe. Wapo waliohamia vyumba vya uani, na wapo waliorudi vijijini wakawa wanatembea kilometa kadhaa kwenda kazini.

Haikuwa kodi peke yake. Bei ya ndizi za kupika, ambazo hazimo kwenye mgao wa misaada, ilipaa. Mahindi na mafuta ya msaada yalitoka kambini yakaingia sokoni. Mkulima aliyeuza ndizi na maharage alipata, lakini kibarua alipunjwa, maana mkimbizi alikuwa tayari kulima kwa ujira mdogo zaidi. Baadhi ya walimu na waganga waliacha vituo vyao wakaajiriwa na mashirika, ambako malipo yalikuwa mazuri kuliko ya serikali.

Halafu mambo yakageuka. Desemba 1996 serikali iliamua kwamba wakimbizi wa Rwanda warejee kwao kabla ya mwaka kwisha, na mamia kwa maelfu waliondoka katika wiki chache. Kuanzia Aprili 1994 hadi mwezi huo ni miezi 32. Warundi walibaki Lukole kwa miaka kadhaa zaidi, lakini nayo ilifungwa kabla ya miaka ya 2000 kwisha. Magari meupe yalipoondoka, yaliacha nyumba tupu na wenye nyumba waliokuwa wamezoea kodi ambayo hapakuwa tena na wa kuilipa.

Biharamulo nayo ilionja

Biharamulo, ambayo nayo ilipokea wakimbizi, ilipata somo la pili kutoka ardhini. Mwaka 2005 mgodi wa dhahabu wa Tulawaka ulianza uzalishaji wilayani humo. Mwaka 2013 mwekezaji wa kigeni aliuachia, ukachukuliwa na Shirika la Madini la Taifa (STAMICO) na kuendelea kwa jina la STAMIGOLD. Hivyo umri wa mgodi huo mikononi mwa wenye mitaji mikubwa ulikuwa takriban miaka minane.

Miaka minane ni mingi kwa mtu anayesubiri mtoto amalize shule, lakini ni michache kwa nyumba. Chukulia mfano wa mwananchi aliyejenga nyumba ya vyumba vinne vya kupangisha kwa sh. milioni 16. Akipangisha kila chumba kwa sh. 30,000 kwa mwezi, kwa mwaka anapata sh. 1,440,000. Ili fedha yake irudi anahitaji zaidi ya miaka 11, tena bila chumba kukaa tupu hata mwezi mmoja, bila bati kuvuja wala choo kujaa. Kama alijenga siku mgodi unafunguliwa, mwekezaji aliondoka naye akiwa bado anajidai miaka mitatu.

Wapo watakaosema dawa ni kupandisha kodi. Basi chumba hicho hicho kiwe sh. 80,000. Kwa mwaka ni sh. 3,840,000, na fedha inarudi baada ya miaka minne na ushei. Ni kweli inapendeza kwenye karatasi, lakini wakimbizi wa Rwanda walikaa miezi 32 tu. Aliyekopa benki kwa kutegemea kodi ya namna hiyo alibaki na deni, riba na kufuli mlangoni.

Ndiyo maana wahenga wakaonya kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao ni mkeka uliochakaa lakini ni wako. Katika biashara ya nyumba, mbachao ni mwalimu, muuguzi, fundi cherehani na muuza mbolea. Hawalipi fedha nyingi, lakini mwaka hadi mwaka wapo.

Nikeli inakuja

Hazina ya nikeli ya Kabanga wilayani Ngara imefanyiwa utafiti tangu miaka ya 1970. Makampuni yalikuja na kuondoka. Januari 2021 serikali ilisaini makubaliano na mwekezaji, ikaundwa kampuni ya Tembo Nickel ambamo serikali ina hisa asilimia 16, na Oktoba mwaka huo leseni maalumu ya uchimbaji ikatolewa. Mwaka 2023 ulipaji wa fidia kwa wanaopaswa kupisha mradi ulianza, na Julai 2025 ilitangazwa ripoti ya upembuzi yakinifu. Hadi wakati huo mgodi ulikuwa bado haujaanza kuzalisha.

Kwa maneno mengine, Ngara imepewa kitu ambacho mwaka 1994 haikupewa, yaani muda wa kujiandaa. Wakimbizi walivuka Rusumo kwa siku moja. Mgodi huanza kwa vibali, barabara na kambi za ujenzi, na dalili zake huonekana mapema kwa anayetaka kuziona.

Kipindi cha hatari zaidi kwa kodi za nyumba ni kile cha ujenzi. Hapo ndipo mafundi, madereva, wapishi na watafuta kazi humiminika, wengi wao kwa mikataba ya muda. Ujenzi ukimalizika, mgodi wenyewe hubaki na watumishi wachache kuliko waliojenga. Mji ukipanga kodi zake kwa kuangalia umati wa wajenzi, utakuwa umepima nguo kwa mgeni wa harusi.

Wageni hawa si wa nikeli peke yake. Mradi wa umeme wa maporomoko ya Rusumo, wa megawati 80 zinazogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, ulileta wajenzi wake nao wakaondoka. Katika njia panda ya Nyakanazi, Biharamulo, malori ya kwenda Rwanda, Burundi na Kigoma yamefanya chumba cha kulala kwa usiku mmoja kiwe na faida kuliko cha kupangisha kwa mwezi. Mwenye nyumba akiligundua hilo, huwaondoa wapangaji na kuandika GESTI mlangoni. Muuguzi aliyekuwa akiishi humo lazima apate pa kwenda.

Kodi ya mwaka ni mkopo usio na riba

Hata bila mgodi, wapangaji wa miji hii midogo wana kero inayofanana na ya Dar es Salaam, nayo ni kudaiwa kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo.

Mwalimu anayeripoti kazini kwa mara ya kwanza hajapokea mshahara. Chumba cha sh. 30,000 kwa mwezi si ghali kwake, lakini sh. 360,000 kabla ya kuingia ni mzigo. Hana budi kukopa, na akikopa analipa riba. Mwenye nyumba kwa upande wake amepokea fedha za miezi ambayo bado haijafika. Kwa hesabu za biashara, mpangaji amemkopesha mwenye nyumba bila riba, kisha yeye mwenyewe akaenda kukopa kwa riba ili aweze kumkopesha.

Kwa mfanyabiashara mdogo hali ni mbaya zaidi. Mwenye mtaji wa sh. 500,000 akishalipia fremu kwa mwaka, kinachobaki hakijazi rafu moja. Atanunua bidhaa kidogo kidogo kwa bei ya juu, na atauza kwa bei ya juu zaidi. Mkulima wa kahawa anayekuja mjini kununua jembe, mbegu au mfuko wa mbolea ndiye anayelipa kodi ya fremu hiyo bila kujua. Anayedhani kodi za mjini hazimhusu kwa kuwa analala katika nyumba yake ya tofali za kuchoma amekosea.

Mwenye nyumba naye ana hoja, na si haki kumfanya shetani. Anasema wapangaji hutoroka usiku wakiacha deni. Anasema bati na saruji havinunuliwi kwa fedha ya mwezi mmoja. Wengi wao ni wastaafu na wajane ambao chumba hicho ndicho pensheni yao. Hoja hizo ni za kweli, lakini haziponywi kwa mwaka mzima. Kodi ya miezi mitatu pamoja na dhamana ya mwezi mmoja inayorejeshwa humlinda mwenye nyumba dhidi ya mtoro, na haimfilisi mpangaji.

Kwa upande wa sheria, wengi bado wanaamini kwamba serikali hupanga kodi za nyumba. Zamani ilikuwa hivyo. Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya mwaka 1984 iliyapa mabaraza uwezo wa kuamua kodi halali, lakini ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo kinachomlinda mpangaji zaidi ni mkataba wake. Katika miji midogo mkataba huo mara nyingi ni wa mdomo, na risiti ni kipande cha daftari kama ipo.

Mfano mdogo unaonyesha hasara ya kutoandikiana. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU, kwanza sh. 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na kuanzia Julai 2023 sh. 1,500. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo, ila anayenunua umeme ni mpangaji. Pasipo maandishi, nani ataikata katika kodi yake bila kuonekana mkorofi? Kiasi ni kidogo, lakini ndicho kinachoanzisha ugomvi kwenye nyumba za mita moja.

Chumba cha mwanafunzi

Kuna mpangaji mwingine ambaye hutajwa mara chache katika kurasa za biashara. Huyu ni mwanafunzi wa sekondari. Shule za kata zilizojengwa kwa wingi kuanzia katikati ya miaka ya 2000 ziliwapa maelfu ya watoto nafasi ya kusoma, lakini nyingi zilianza bila mabweni. Mtoto anayetoka kijiji cha mbali hulazimika kupanga chumba karibu na shule, akiwa na gunia la mkaa, debe la unga na godoro la kuazima.

Kodi inapopanda, huyu ndiye wa kwanza kuumia. Baba yake hupata fedha msimu wa kahawa na maharage, si kila mwezi. Akishindwa, mtoto huenda kukaa watatu au wanne katika chumba kimoja, ama hurudi nyumbani na masomo yakaishia hapo. Kwa msichana kuna hatari ya tatu, ambayo kila mzazi anaijua: atatokea mtu mwenye fedha atakayejitolea kumlipia chumba. Mji unaojaa wanaume wenye mishahara na wasio na familia zao jirani ni mji ambao mtoto huyo hapaswi kuachwa apambane nao peke yake.

Kwa hiyo bweni katika shule ya kata si suala la elimu tu. Kila bweni linalojengwa hupunguza msongamano kwenye vyumba vya mitaani, na hivyo huwapa nafuu wapangaji wengine wote.

Nini kifanyike

Kwanza, halmashauri za wilaya zote mbili zipime viwanja mapema, si baada ya vumi la mgodi kuwa kelele. Ngara mjini, Rulenge, Benaco, Nyakanazi na Biharamulo mjini ni maeneo yanayojulikana kwamba yatakua. Kiwanja kilichopimwa na kuuzwa kwa bei ambayo mwalimu anaweza kuilipa kwa awamu kitamtoa mwalimu huyo kwenye foleni ya vyumba. Viwanja vikichelewa, vitanunuliwa na walanguzi, na migomba ya pembezoni mwa mji itakatwa bila mpango. Mkulima ambaye shamba lake limepigwa na mnyauko wa migomba ulioingia Kagera mwaka 2006 ni rahisi kushawishika kuuza kwa bei ya kutupa.

Pili, miradi mikubwa ibebe mzigo wa makazi ya watu wake. Masharti ya vibali na makubaliano yaeleze watumishi watalala wapi, hasa wakati wa ujenzi. Na majengo hayo yajengwe yakijulikana yatakuwa nini baadaye: bweni, nyumba za walimu au wodi. Mwaka 1994 hapakuwa na nafasi ya kulifikiria hilo. Sasa ipo.

Tatu, waliolipwa fidia washauriwe kabla fedha haijaisha. Vyumba vya kupangisha ni biashara nzuri kama mazao mengine, lakini ni zao la kudumu kama kahawa, si la msimu kama maharage. Anayejenga ahesabu miaka kumi na zaidi, na ajiulize nani atalala humo mgodi ukifungwa. Nyumba iliyo karibu na hospitali, shule au soko itakuwa na jibu. Iliyo karibu na geti la mgodi peke yake haina.

Gharama za ujenzi nazo zinaweza kupungua. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukihimiza matofali ya kufungamana yanayotengenezwa kwa udongo na saruji kidogo, ambayo hayahitaji kuchomwa kwa kuni. Katika wilaya iliyopoteza misitu mingi kwa kuni za makambi, hilo ni jambo la kuangaliwa mara mbili. Aliyejenga kwa gharama nafuu anaweza kupangisha kwa kodi nafuu na bado akapata.

Nne, mikataba iandikwe. Ofisi ya mtendaji wa kijiji au ya mtaa inaweza kuwa na fomu ya ukurasa mmoja inayotaja kodi, muda, dhamana, nani analipa kodi ya jengo na notisi ya miezi mingapi kabla ya kuhamishwa. Miezi mitatu ya notisi ingewaokoa wengi mwaka 1994.

Wapo watakaodai kwamba soko liachwe lifanye kazi yake, na kwamba kodi ikipanda watu watajenga na itashuka yenyewe. Ni kweli kwa kiasi fulani. Lakini mahindi yakipanda bei Ngara, lori la Kahama hufika baada ya siku mbili. Nyumba haiji kwa lori. Kati ya kodi kupanda na nyumba mpya kwisha hupita mwaka au miwili, na katika muda huo ndimo mwalimu huomba uhamisho na mtoto huacha shule.

Kahama yenyewe ni mfano wa kutazamwa. Mji huo ulikua kwa migodi ya Bulyanhulu, iliyoanza uzalishaji mwaka 2001, na Buzwagi, iliyofuata mwaka 2009. Buzwagi ilipofikia mwisho wa uzalishaji mwaka 2021, mji haukufa, maana ulikuwa na mpunga, soko kubwa la mchele na barabara za kwenda pande zote. Dhahabu iliukuta ukiwa na kazi yake.

Ngara na Biharamulo nazo zina kazi zake: ndizi, kahawa, maharage, mifugo, na barabara ya mpakani inayopitisha mizigo ya nchi mbili. Walimu wanaofundisha watoto wa wakulima hao, wauguzi wanaowatibu na wachuuzi wanaowauzia chumvi ndio watakaokuwapo siku nikeli itakapokwisha. Mgeni na aje, mwenyeji apone. Lakini hatapona kama mgeni atakapofika atakuta mwenyeji ameshatolewa chumbani.